Mashine Hewa za Buhongwa

Mama Justa Masele hakuwa mtu wa kuaminiamini. Ukimwambia kumekucha, alifungua dirisha kwanza. Alikuwa msimamizi wa hospitali moja binafsi pale Buhongwa, hospitali ndogo inayojulikana zaidi kwa kliniki yake ya watoto wenye sikoseli. Kabla ya hapo alikuwa katika ofisi moja kule Magu, ambako aliwafichua watumishi hewa mpaka watu wakambandika jina la Mama Hewa. Jina lenyewe hakulichukia. Kuna watu wamepewa majina kwa mambo mabaya zaidi.

Sasa mtu wa namna hiyo, wewe Iqbal na akili zako zote, unakwenda kumwambia nini?

Iqbal alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo, kijana wa mjini, wa ukoo wa wauza misumari na rangi ambao wamezaliana hapa hapa Mwanza tangu enzi za babu wa babu zao. Mpole, mwenye adabu, anawasalimia hata wagonjwa asiowajua. Ripoti yake ilisema hospitali ina mashine sita na kwamba kila siku, kliniki ikifungwa, kila mashine inachukuliwa nakala. Mama Justa aliisoma, akainuka, akaenda chumba cha mitambo kuziona hizo mashine kwa macho yake. Alikuta sanduku moja jeusi linavuma.

"Iqbal, mashine sita ziko wapi?"

"Hizo hapo, mama."

"Mimi naona moja."

"Hiyo ni seva, mama. Zile sita zimo ndani yake. Moja ya kumbukumbu za wagonjwa, moja ya maabara, moja ya barua pepe, na nyingine." Iqbal alikuna kichwa akitafuta namna ya kumwelewesha mtu mzima bila kumkosea heshima. "Ni kompyuta kamili, zinafanya kazi kama kompyuta yoyote, ila hazina mwili. Huwezi kuzishika. Tuseme ni mashine hewa."

Alikwisha. Angesema mashine pepe, angepona. Angesema mashine za ndani kwa ndani, angepona. Lakini hewa, tena mbele ya Mama Hewa? Mtumishi hewa ni jina lisilo na mtu, na nyuma ya jina hilo kuna mtu anakula. Mama Justa alijua hivyo kama anavyojua Baba Yetu. Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Asante, mwanangu," akatoka. Waliomfahamu wangeiogopa asante ile.

Kuanzia siku hiyo hakumwacha kijana apumue. Kwanza aliamuru maneno ya siri ya mitambo yote yabadilishwe, na akayaandika mapya yeye mwenyewe, Iqbal akiwa amesimamishwa akitazama ukuta. Kisha akasema taarifa yoyote inayotumwa na mitambo ije kwenye barua pepe yake yeye, si ya Iqbal. "Wewe ukiwa unajikagua mwenyewe, nani atakukagua?" alimwuliza. Iqbal akasema ni kweli, mama, akarekebisha kama alivyoagizwa. Unyenyekevu ule ulimtia Mama Justa wasiwasi zaidi. Mtu asiye na kitu cha kuficha, alijiambia, hubisha kidogo.

Mlinzi wa getini, Masalu, ndiye aliyempa habari nyingine. Alisema kila Ijumaa Iqbal hutoka na mfuko mdogo mweusi, anapanda bodaboda kuelekea mjini, na Jumatatu anarudi nao.

"Mfuko una nini?"

"Niliwahi kumuuliza, mama. Akaniambia ni nakala."

"Nakala za nini?"

"Sijui, mama. Mimi ninakagua viti na magodoro tu."

Mama Justa alijifungia ofisini akafikiri. Mashine zisizoonekana. Nakala za mashine zisizoonekana. Mfuko unaotoka kila wiki. Na ndani ya mashine hizo, kama kijana alivyosema kwa kinywa chake, kuna kumbukumbu za watoto wote wa kliniki: nani ana damu ya namna gani, nani anatumia dawa kiasi gani, nani alidhuriwa na dawa ipi. Mtu akiziuza je? Atamuuzia nani, hilo hakulijua, lakini Magu nako hakujua mpaka alipofuatilia. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema peke yake, akaenda kumtafuta muuguzi Maulida amwazime baibui na nikabu.

Ijumaa aliifuata bodaboda ya kijana mpaka mjini, na Iqbal akashukia kwenye kivuko cha Kamanga. Mama Justa alikata tiketi, akapanda, akajibanza baina ya lori la mchele na ubavu wa kivuko. Alikuwa amejifunika gubigubi, macho tu nje, na jasho lilimtiririka mgongoni. Kijana alisimama mbele kidogo, mfuko kaupakata kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Hajifichi hata kidogo. Wezi wa siku hizi, Mama Justa aliwaza, hawana hata haya.

Bibi mmoja wa Kiislamu alimsogelea, akaona mwenzake, akafurahi.

"Asalaam aleikum, mwanangu."

Na Mama Justa, mwana WAWATA, umoja wa akina mama Wakatoliki, aliyeanza kuitikia salamu za dini kabla hajaota meno, akaitika kwa sauti ya kanisani, "Milele na milele, amina."

Bibi wa watu alibaki mdomo wazi. Utingo wa lori akacheka mpaka akashika tairi. Iqbal aligeuka, maana sauti ile aliisikia kila asubuhi, akaja mpaka pale akainama.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo haikataliwi hata ukiwa mpelelezi. "Marahaba," alijibu Mama Justa ndani ya nikabu, kisha akaivua, kwa kuwa haikuwa na kazi tena. "Mfuko huo una nini?"

"Nakala, mama. Zimo kwenye diski."

"Za zile mashine zako za hewa."

"Ndiyo."

"Na unazipeleka wapi?"

"Kwa shangazi yangu Mastura, pale Kamanga. Nakala haikai nyumba moja na kitu chenyewe, mama. Hospitali ikiungua, Mungu aepushe, zote zinaungua. Nikaona niziweke ng'ambo. Moto hauogelei."

Alivyosema kwa utulivu, mtu mwingine angetosheka. Mama Justa alimwambia watashuka wote, waende wote kwa huyo shangazi, na huko huko atamfungulia hiyo diski aone kilichomo.

Shangazi Mastura aliwapokea kwa furaha, akatandika mkeka barazani, akaleta chai ya maziwa iliyonukia iliki. Mama Justa hakuigusa. Iqbal alitoa laptopu yake, akachomeka diski, na taa yake ndogo ya kijani ikawaka kama kawaida. Akafungua.

Hakukuwa na kitu.

Alifunga, akafungua tena. Akachomoa, akapangusa, akachomeka. Akasogeza uso karibu na kioo kama mzee anayesoma barua. Weupe tu. Mama Justa alimtazama yeye badala ya kioo, kwa sababu kazi aliyoizoea ni kutazama nyuso, na uso ule ulikuwa umebadilika rangi kabisa.

"Za mwizi arobaini," alisema. "Nakala hewa za mashine hewa. Jumatatu bodi inakaa. Utaieleza bodi, halafu utawaeleza polisi."

Iqbal hakujitetea, na hapo ndipo jambo lilipoanza kwenda kombo katika kichwa cha Mama Justa. Mwizi aliyekamatwa hulia, huapa kwa jina la mama yake, hutaja wenzake. Huyu alikuwa anauliza kitu kingine.

"Mama, seva inafanya kazi sasa hivi? Tafadhali mpigie mtu akaangalie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ipo hiyo moja tu. Nilidhani tunayo nyingine. Ikifa leo kwa radi au kwa umeme kukatika vibaya, hatuna kitu tena. Dokta hatajua mtoto gani anapewa nini. Miaka yote ile, mama." Alikuwa anakunja waya wa diski, anaukunjua, anaukunja tena. "Nifukuze Jumatatu, sawa. Lakini kesho niache nichukue nakala. Keti pale pale mlangoni unitazame."

Hofu ilimwingia Mama Justa, ndogo, ya kweli. Alitaka kuikataa, akashindwa. Wakarudi na kivuko kinachofuata, wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

Njiani kutoka kivukoni ndipo kijana alipomuuliza, kwa upole wake ule ule, "Mama, mfumo haukukuletea ujumbe wowote? Nakala ikishindikana huwa unaandika."

"Hakuna ujumbe ulionifikia," alisema Mama Justa, na wakati huo alisema ukweli anaoujua.

"Basi. Mimi nilikuwa najua kukiwa na tatizo utaniambia. Ukawa kimya, nikajua ni heri."

Jumamosi kutwa Mama Justa aliketi kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha mitambo, mkoba mapajani. Iqbal aligundua tatizo mapema. Ratiba ya nakala ilikuwa ikiingia kwenye mitambo kwa neno la siri la zamani. Neno lilipobadilishwa, ratiba iliendelea kubisha hodi kila siku na kila siku mlango haukufunguliwa. Nakala za zamani zilijifuta zenyewe ili kuzipisha mpya, na mpya hazikuja.

"Kwa hiyo kosa ni langu niliyebadilisha," alisema Mama Justa, akimtega.

"Hapana, mama. Kubadilisha ni vizuri. Mimi ndiye nilipaswa kukumbuka ratiba. Na nilipaswa kufungua diski nione, siyo kubeba tu. Taa ikiwaka nilitosheka."

Aliandika ratiba upya, Mama Justa akaingiza neno la siri jipya kwa mkono wake, kijana akachukua nakala ya mashine zote sita, akazifungua moja moja mbele yake kuthibitisha zina kitu. Jioni akaomba ruhusa avuke nayo Kamanga na kuirudisha Jumatatu. Mama Justa alimruhusu. Hata yeye alishangaa alivyoruhusu. Lakini moyoni alikuwa hajamsamehe: asiyeiba akazembea, watoto wale wale ndio wangeumia. Kijana aondoke tu. Tena akiondoka na neno la wizi limeshaenea hospitali nzima, maana Masalu hana mdomo wa kufunga, nani Mwanza atampa tena ufunguo wa chumba cha mitambo? Atarudi kuuza misumari kwa baba yake mdogo, ambaye alimwambia tangu mwanzo kwamba kazi ya kompyuta ni ya watu wasio na duka.

Jumapili, baada ya misa, Mama Justa aliketi kibarazani kwake kuandaa maelezo ya bodi. Alitaka aandike kwamba mfumo haukutoa onyo lolote. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuaminiamini, hakujiamini hata yeye mwenyewe. Akafungua barua pepe yake kwenye simu ili ahakikishe kabla hajaandika.

Kwenye kikasha hamkuwa na kitu. Akagusa sehemu ya Taka, ambayo hakuwahi kuigusa.

Zilikuwepo. Zimepangana kutoka juu mpaka chini, akasukuma kwa kidole na zikaendelea kuja, kila siku yake na ujumbe wake, zote kwa jina la seva, zote kwa herufi nyekundu. Hapo akaikumbuka ile ya kwanza. Ilikuja kwa Kiingereza, ikimwambia kuna hatari na abonyeze hapa haraka. Nani hawajui watu wa namna hiyo? Ni wale wale wa ile hela tuma kwenye namba hii. Mama Justa alikuwa ameguna, akabonyeza neno Tapeli, akajisifu kwa jirani yake kwamba yeye hatapeliwi kirahisi. Tangu hapo kila onyo lililoandikwa na mashine lilikwenda takani lenyewe, kimya kimya, kwa amri yake.

Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halafu hofu ikaja juu ya aibu ikaifunika. Mama Hewa, aliyeachiwa kazi ya kukagua wote, onyo analo mkononi analitupa, kisha anamkimbiza mtoto wa watu kivukoni kwa baibui la kuazima. Wangemcheka kutoka Buhongwa mpaka Magu. Angeondoka yeye.

Alitazama kushoto na kulia, nyumbani kwake mwenyewe, kama mwizi. Akachagua zote. Simu ikamuuliza kama ana hakika anataka kuzifuta kabisa, hazitarudi. Akabonyeza ndiyo. Mchana alipikiwa sato wa kukaanga, akala bila kusikia ladha.

Jumatatu bodi ilikaa kwenye chumba cha mikutano. Mwenyekiti, Mzee Maige, alikuwa mkaguzi wa pamba mstaafu, mtu wa maneno machache na miwani mizito. Mama Justa alisoma maelezo yake bila kukwama: kwamba nakala hazikuwepo, kwamba fundi hakukagua, kwamba mfumo haukutoa onyo lolote. Sentensi hiyo ya mwisho aliisoma kama zile nyingine. Iqbal aliulizwa kama ana la kusema, akasema yote ni kweli. Diski ilikuwa mbele yake mezani.

"Na hiyo ya sasa ina kitu?" aliuliza Mzee Maige. "Tusije tukatoka hapa tumebeba nyingine tupu. Rudisha kitu tukione."

Iqbal alisema anaweza kurudisha mashine ya barua pepe, ni ndogo kuliko zote, na ataiweka pembeni isiguse ile inayofanya kazi. Chai na vitumbua vikaletwa wakati wanasubiri. Ilipokuwa tayari, mwenyekiti akasema ifunguliwe barua pepe ya Mama Justa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mashaka. Wajumbe walicheka kidogo. Mama Justa naye akacheka, akavuta laptopu, akaandika neno lake la siri. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amefuta kila kitu.

"Hii ni hali ilivyokuwa Jumamosi," Iqbal alikuwa anawaeleza wajumbe huku akigeuza laptopu upande wake. "Yaani kitu chochote mtu alichofuta baada ya hapo, hapa bado kipo. Hata taka zinarudi. Ngoja niwaonyeshe."

Mama Justa alitaka kusema achia hapo, inatosha, lakini alichelewa. Aliona kidole cha kijana kinabonyeza. Aliona macho yake yanashuka kwenye kioo, yanashuka tena, yanasimama. Mkono ukabaki juu ya kipanya.

Iqbal aliinua uso akamtazama. Mara moja tu, wala si kwa hasira. Kisha akainamisha kioo cha laptopu ili wajumbe wasione, akamgeukia mwenyekiti.

"Zimerudi zote, mzee. Nakala ni nzima."

"Vizuri," alisema Mzee Maige. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Umefanya vizuri kurekebisha, kijana, na wizi hatukuuona. Lakini watoto wale walikuwa hatarini siku zote hizo na wewe hukujua. Mfumo haukukuonya, sawa, ila macho ulikuwa nayo. Mimi naona tuachane kwa heri. Kuna mwenye neno kabla sijafunga?"

Wajumbe walitikisa vichwa. Iqbal alikuwa ameshaanza kukunja waya, kama alivyoukunja kule barazani kwa shangazi yake, ila safari hii bila kuukunjua. Mama Justa alimtazama. Maisha yake yote aliwinda watu, na hata siku moja hakuwahi kumwona mtu aliyemkamata mwenzake akaamua kumwachia. Alitafuta hila ndani yake, maana lazima iwepo hila. Atamdai nini baadaye? Anangoja nini? Akatafuta, akatafuta tena. Kijana alikuwa anakunja waya tu.

"Mwenyekiti," alisema Mama Justa. "Ninalo mimi."

"Ndiyo, mayu," alisema Mzee Maige, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sema."

Alisimama, ingawa hakuna aliyemtaka asimame.

"Iqbal, geuza hicho kioo huku. Mwenyekiti avae miwani yake asome mwenyewe."